Kanga ya Bibi katika Historia ya Kanisa

Nilisikia kwamba babu yangu aliikana imani nikiwa nimekaa benchi la mbele katika ukumbi wa misheni, nimevaa gauni jipya, na kipande cha andazi kiko mdomoni. Sikukitema wala sikukimeza. Padre aliendelea kusoma kwa sauti yake ileile ya upole, wazee walio nyuma yangu wakakohoa wakatulia, nami nikabaki na andazi shavuni kama mtoto anayeumwa jino.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika nchi ya Bonde, si mbali na Muheza. Misheni yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na padre mmoja Mwingereza, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amepewa kazi ya kuandika historia yake. Kabla haijapelekwa kupigwa chapa alitaka kuisoma mbele ya wenyewe tuisikie. Nilimsifu kwa hilo. Wakati ule nilikuwa nafundisha shule ya wasichana Tanga mjini, nimepanga chumba Makorora, na nilikuja makusudi nisikie babu yangu anavyotajwa.

Maana babu ndiye aliyekuwa mwalimu wa dini wa kwanza kijijini kwetu. Katika vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza, vile vya kwanza, Wadachi waliwashuku walimu wa misheni kuwa ni wapelelezi wa Waingereza. Wakawakamata, wakawafunga minyororo, wakawapeleka bara kuwabebesha mizigo ya jeshi. Wengine hawakurudi. Babu alirudi. Hilo kila mtu kwetu alilijua, na kwa kuwa kila mtu alilijua, hakuna aliyelisimulia.

Sasa sikia alichokisoma Padre. Alisoma kwamba askari walipofika, mwalimu yule alivitupa vitabu vitakatifu mtoni, akavaa kanga ya mkewe, akakaa jikoni kutwanga ili adhaniwe mwanamke. Na kwamba alipochukuliwa baadaye, alichukuliwa kama mpagazi yeyote, si kwa ajili ya imani. Akaongeza kwamba mafundisho yake mwenyewe yalikuwa haba, kwani hata uzeeni alikuwa akifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Kanisa changa, alisoma, lina wafiadini wake na lina walioanguka, na mwandishi mwaminifu huwaandika wote.

Akafunga karatasi zake. Akasema majina ya walimu walioteswa yatachongwa kwenye ubao wa mvule na kutundikwa kanisani siku ya jubilei, na kwamba, kwa masikitiko makubwa, jina la babu halitakuwemo. Na mchongaji wa ubao huo nani? Baba yangu mzazi, seremala wa misheni. Alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliinuka, akaweka kofia kichwani humo humo ndani ya ukumbi, akatoka.

Nikuambie yale maneno ya kanga yalitoka wapi. Yalitoka kaburini.

Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwetu mtu hazikwi na ndugu zake peke yao. Huzikwa na watani wake. Kuna ukoo mmoja pale kijijini ambao sisi na wao tumezikana tangu enzi za mababu, na kazi ya mtani msibani ni kumtukana maiti. Usishtuke. Ndugu wanalia, yeye anakuja amevaa koti la marehemu nje ndani, anatembea kama alivyotembea marehemu, anasema marehemu alikuwa mwizi, mlafi, mwoga, ana deni la pombe kila kijiji. Watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Wala haruhusiwi mtu kukasirika, na kumkanusha mtani ni vibaya zaidi kuliko kukasirika. Ukimwambia 'si kweli' umemfukuza msibani, na maiti wako umemwacha bila wa kumzika. Unachotakiwa ni kukubali, na ukiweza, kumwongezea.

Mtani mkubwa wa babu alikuwa mzee mmoja mwenye shamba la michungwa, rafiki yake wa tangu utotoni. Siku ya mazishi alishuka kaburini akalala humo chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Kutoka humo chini akaanza. 'Mnamlilia huyu? Huyu siku askari wa Mdachi walipokuja, vitabu vya Mungu alivitupa mtoni, akavaa kanga ya mkewe, akashika mchi akatwanga. Askari wakamwamkia: shikamoo mama.' Tuliangua kicheko huku machozi yanatutoka. Na bibi yangu, mjane, amekaa chini katikati ya wanawake, akapaza sauti: 'Na kanga yenyewe hajanirudishia mpaka leo.'

Padre alikuwepo. Nilimwona amesimama kando anaandika, nikafurahi, nikasema moyoni huyu mtu anatupenda.

Alikuwa amekaa nchini miaka mingi, lakini zaidi Unguja na vyuoni, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu. Mazishi ya shambani hakuyajua. Siku ya tatu alikuja kuhani, akamuuliza bibi kwa heshima zote kama ni kweli mumewe alivaa kanga yake. Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Bibi alimjibu, 'Kweli tupu, Padre, tena ilikuwa mpya.' Padre akamshukuru, akaenda zake.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Kesho yake baada ya kile kisomo nilikwenda nyumbani kwa Padre bila hata kusubiri chai. Na ujue huyu alikuwa mwalimu wangu. Chuoni ndiye aliyetufundisha historia ya Kanisa, na nilikuwa nikimsikiliza mpaka nasahau kuandika. Alitusimulia makaisari wa Rumi walivyowatesa Wakristo wa kwanza, wengine wakatupiwa wanyama, na wengine, wengi kuliko tunavyopenda kukiri, wakafukiza ubani mbele ya sanamu ya Kaisari wakarudi nyumbani kula. Halafu akatusimulia walioyaandika mambo hayo. Mmoja alimsifu mfalme kwa sababu alikula mezani pake. Mwingine aliwafuta walioanguka kana kwamba hawakuzaliwa. Historia ya Kanisa, alikuwa akisema, imeharibiwa na watu wenye mapenzi.

Nilimwamkia, nikamweleza utani tangu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza vizuri. Halafu akaniuliza, 'Binti yangu, nilikufundisha nini juu ya ushahidi ulio bora?'

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijibu katika mtihani nikapata alama zote. Ushahidi ulio bora ni ule ambao mtu anautoa juu ya jambo linalomwaibisha mwenyewe, maana hakuna anayedanganya ili ajivunjie heshima.

'Rafiki yake mpenzi alisema,' akaendelea. 'Kijiji kizima kilikuwepo na hakuna aliyekanusha. Nikamuuliza mjane wake, akakiri, akaongeza na habari ya upya wa kanga. Nimeandika habari za miaka mingi, sijapata ushahidi wenye nguvu kama huu.'

'Padre, ule ni mzaha.'

'Kila familia huniambia hivyo,' alisema, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, jambo lililonichoma zaidi. 'Kila linaloaibisha nililowahi kuandika, wenyewe wamesema lilikuwa mzaha.'

Nilitoka pale nimeduwaa. Mtu amenipiga kwa fimbo niliyomshikia mwenyewe. Njiani nilizungumza peke yangu, na watu walionipita sikuwaamkia, mpaka mama mmoja akaniuliza kama shule ndiyo imenifanya hivi.

Nyumbani nilimwendea bibi nikamfokea, Mungu anisamehe. Kwa nini alisema ni kweli? Bibi alikuwa amekwisha kupoteza macho, anachambua mchele kwa vidole. Akashangaa hata mikono ikasimama. 'Ulitaka nimkatae mtani wa mume wangu, na mume wangu hajapoa?'

'Lakini Padre ameandika, bibi. Babu hatakuwemo kwenye ubao.'

'Kaandika?' akasema. 'Utani?' Alikuwa anajua nyimbo zote za kanisa kwa moyo na kila Jumapili hukaa karibu na nguzo ambapo babu alikuwa akisimama. 'Basi watu watasali chini ya majina ya wenzake,' alisema, 'na mimi nitakuwa nimekaa hapo.' Akarudia kuchambua mchele, lakini aliutupa mzuri akabakisha chuya. Hapo ndipo hasira ikanitoka nikaogopa.

Baba alikuwa kwenye karakana yake anapiga randa ule ubao. Majina aliyopewa alikuwa amekwisha kuyapimia kwa penseli, na kati ya jina la pili na la tatu aliacha nafasi. Nafasi ya jina moja kamili. Nilimuuliza baba, Padre akiona atasema nini. 'Mvule ni wangu,' alinijibu.

Nilirudi Tanga kufundisha nikiwa sina raha. Mama mwenye nyumba wangu pale Makorora, Mdigo, mtu wa swala tano, aliniona sili akanihoji, nikamweleza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga, kisha akaacha kucheka ghafla. 'Lahaula. Ameutia utani kitabuni?' Akaniambia kwao mashekhe, kabla ya kuuliza kimesemwa nini, huuliza kwanza nani kasema, na alikuwa mtu wa namna gani, na kapokea kwa nani. 'Sasa huyo padre wenu hakumuuliza msemaji wewe ni nani kwa marehemu?' Nikamwambia alijua ni rafiki. 'Rafiki,' alisema, akatikisa kichwa. 'Rafiki na mtani wapi na wapi.'

Jumamosi ile nikashuka Muheza, nikaenda na baba mpaka kwenye michungwa ya mtani. Alitupokea kwa mikogo yake ya siku zote. Mimi huniita 'mke wangu mdogo', na baba humwita 'mtoto wa mwoga'. Nilipomwambia lile neno lake limeandikwa katika historia ya Kanisa na limemtoa babu kwenye ubao, aliweka kisu alichokuwa anamenyea chungwa. Uso wake ulibadilika, nikamwona kwa mara ya kwanza ni mzee.

'Mimi?' alisema. 'Mimi ndiye niliyemtoa?'

Jumapili baada ya Misa akaenda mwenyewe kwa Padre, amevaa kanzu safi. Akamwambia yale ni utani, hayana ukweli. Padre akampa chai, akamsikiliza, akaandika. Kisha akamsomea alichokiandika: shahidi amebadili maneno yake baada ya kutembelewa na jamaa wa marehemu. Mzee alirudi akatueleza mlangoni bila kuketi. Hakuwa na mzaha wowote. 'Nimesema uongo nikaaminiwa,' alisema, 'nimesema kweli nikaambiwa nimetumwa.' Akageuka kwenda, halafu akamwambia baba, 'Ile nafasi usiizibe.'

Jubilei ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje, watu wa milimani, watu wa mashamba ya mkonge, hata majirani zetu Waislamu walikuja wakasimama barazani. Ubao ulikuwa umetundikwa ukutani umefunikwa kitambaa. Baada ya Misa Padre alisimama aubariki. Akasema maneno machache mazuri juu ya walioteswa, akauliza, kama desturi, kama yuko mzee mwenye neno.

Mtani akasimama. Alikuwa amevaa joho la kwaya nje ndani.

Utani hauingii kanisani. Hata mtoto anajua. Na Padre hakuwa mtani wake wala wa mtu yeyote. Baba alinishika mkono, sijui alinizuia mimi au alijizuia yeye.

'Ndugu zangu,' alisema mtani, 'leo ni siku ya historia, nami naomba niseme ya huyu baba yetu, isije ikapotea. Siku aliyofika hapa kwanza, kima aliingia sakristia. Kima mmoja, dume. Padre alipomwona alitupa msalaba, akapanda juu ya kabati. Kima akamwonesha meno. Padre akashuka, akampigia magoti yule kima, akamfukizia ubani, akamwambia, Bwana wangu, sijawahi kumjua Mungu mwingine ila wewe.'

Niliona shingo ya Padre inakuwa nyekundu, wekundu ukapanda mpaka masikioni. 'Mzee,' alisema, 'hili si kweli. Hapa ni nyumba ya Mungu.' Mtani alisimama tu. Padre akamgeukia mzee wa kanisa, mtu mkavu ambaye sikupata kumwona akicheka maishani. 'Wewe ulinipokea siku ile. Waambie.'

Mzee wa kanisa alifikiri kidogo. 'Nilikuwepo, Padre,' akasema. 'Kima alikuwa mkubwa.'

Mtu mmoja nyuma akasema ni kweli. Na mwingine. Ikapita benchi kwa benchi, kweli, kweli kabisa, mpaka barazani. Padre aliangalia huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Kisha kutoka kwenye nguzo yake bibi akasema kwa sauti ya wazi, 'Na magoti yake nilimpaka mafuta mimi. Yalikuwa yamechubuka.'

Nilidhani watu watacheka. Walicheka kidogo, wakaacha, kwa sababu ya uso wa Padre. Uso ule siwezi kuusahau. Ulikuwa wa mwalimu anayesomewa mtihani wake mwenyewe.

'Umesikia, Padre,' alisema mtani taratibu. 'Mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyekanusha. Andika.'

Padre alishuka ngazi za altare, akaketi kwenye benchi la mbele, mahali pa watoto, magoti yake yamefika juu. Tulisubiri. Hatimaye akageuza kichwa upande wa nguzo, akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, 'Mama, siku ile mumeo alifanya nini?'

'Alikuwa anakula,' bibi alisema. 'Walimchukua na ugali mkononi. Waliomba vitabu, akakataa kusema viko wapi. Vilikuwa chini ya majivu ya jikoni kwangu. Walimpiga hapa kwa kitako cha bunduki,' akagusa bega lake la kulia, 'na bega hilo hilo wakalibebesha mizigo mpaka bara. Aliporudi mkono haukupanda tena. Alikuwa hawezi kuufikisha usoni. Ndiyo maana msalaba aliufanya kwa kushoto.'

Mimi, mjukuu wake niliyelelewa mapajani pake, nilikuwa najua tu kwamba babu ni mashoto. Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa anatazama sakafu, nikaelewa kwamba yeye alijua.

'Niliwahi kumkemea,' alisema Padre. 'Hapa hapa mlangoni. Nilimwambia mtu wa umri wake aone haya.'

'Alinieleza,' bibi akasema.

'Kwa nini hakuniambia?'

'Hukumuuliza, Padre. Ulimfundisha.'

Hapo ndipo nilipolia, na si mimi peke yangu. Mtani alivua lile joho, akalivaa upya sawasawa, akaketi. Ubao haukubarikiwa siku ile. Padre mwenyewe alimwomba baba aushushe, akauchukua kwa upande mmoja na baba kwa upande mwingine wakautoa nje.

Baba alilichonga jina la babu katika ile nafasi aliyoiacha, na likaenea bila kubanwa. Karatasi za Padre zilikaa muda mrefu hazijapelekwa popote. Niliambiwa alikuwa anazunguka tena kwa wazee nyumba hadi nyumba, na safari hii, kabla ya kuuliza lolote, alikuwa akiuliza kwanza nani ni nani kwa nani.

Ubao ulipotundikwa tena nilimpeleka bibi. Nilimshika mkono nikaupandisha mpaka kwenye jina, akapitisha vidole kwenye kila herufi, polepole, kama alivyokuwa akichambua mchele.

'Hapa wameandikaje?'

'Jina lake, bibi. Na neno mwalimu.'

'Na kanga?'

'Kanga hawakuandika.'

Akasikitika kweli, nilimwona. 'Lakini ndiyo maneno aliyozikwa nayo,' alisema. Akauacha mkono wake pale ukutani muda kidogo, akaushusha. 'Basi utaiandika wewe. Ilikuwa mpya, usisahau.'